Mita ya Mashine Ilisema 455, Daftari Likasema 352: Jinsi ya Kufuatilia Vikombe vya Kahawa Bila Kumshuku Mtu Bure



Somo la leo ni la hesabu. Ni refu kidogo, lakini ukilisoma mpaka mwisho litakuokolea pesa, na huenda likakuokolea mtu pia. Mimi lilinigharimu vyote viwili kabla sijalielewa.

Wengi wenu mnanijua kwa kahawa ya pakiti. Naikaanga na kuifunga hapa Mikumi, naweka picha mtandaoni, oda zinaondoka kwa basi kwenda Morogoro, Dar, Kilosa na kwingine. Wachache wanajua kwamba nina kibanda pia, pembeni ya barabara kuu iendayo Iringa mpaka Tunduma. Ndani ya kibanda kuna mashine ya espreso, ile inayosaga kahawa hapohapo na kusukuma maji ya moto kwa presha mpaka kikombe kinajaa. Wateja wangu ni madereva wa malori, watalii na madereva wao wanaotoka hifadhini, walimu, na watu wa ofisini wanaopita.

Mashine niliinunua ikiwa imeshatumika, ilitoka ofisi moja ya Dar. Ni ya kubonyeza: kitufe cha ndogo, cha kubwa, cha maziwa. Aliyeniuzia alinionyesha kitu kimoja nikakipenda sana. Ukiingia kwenye menyu unakuta namba inayohesabu kila kikombe kinachotoka. Naiita mita. Akaniambia, "Dada, hapa hakuna wa kukuibia. Mita haidanganyi."

Ni kweli, mita haidanganyi. Tatizo ni kwamba mimi sikujua inasema nini.

KILICHONITOKEA

Nilikuwa na binti ananisaidia. Mama yake tunafahamiana miaka mingi, wanakaa Kilosa mjini. Binti mwepesi, anachangamkia wateja, na jioni ndiye alikuwa anajibu oda za WhatsApp mimi nikiwa nafunga pakiti.

Jumatatu moja nikaandika namba ya mita: 41,260. Jumapili jioni nikasoma tena: 41,715. Toa, unapata vikombe 455.

Nikafungua daftari la mauzo. Vikombe vilivyouzwa wiki nzima: 352. Pesa iliyokuwepo ililingana na daftari, senti kwa senti. Kwa hiyo kichwani nikajiambia: vikombe 103 vimeuzwa bila kuandikwa. Nikavipigia wastani wa shilingi 2,000 kila kimoja. Shoti ya 206,000!

Mshahara wa binti wa mwezi mzima haukufika hapo.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamuuliza, na sikumuuliza kwa upole. Nilimuuliza mbele ya wateja wawili na jirani anayeuza chipsi. Akajaribu kueleza, nikamkatisha. Nikamwambia nitakata kwenye mshahara mpaka iishe. Hakubishana tena. Mchana akakusanya nguo zake, akapanda gari kurudi kwao.

Tunaambiwa mali bila daftari huisha bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, na mashine yenye mita nilikuwa nayo. Bado nilikosea. Ndiyo maana naandika somo hili.

WIKI NILIYOSIMAMA MWENYEWE

Kwa kuwa sikuwa na msaidizi, wiki iliyofuata nilikaa kwenye mashine mimi mwenyewe. Kila kikombe nimekitoa kwa mkono wangu, kila shilingi nimeipokea mimi, kila mauzo nimeyaandika mimi. Niliwaza, sasa mita na daftari vitalingana tu.

Jumapili jioni mita ikasoma 42,113. Toa 41,715, unapata 398. Daftari langu: vikombe 309.

Tofauti 89. Na sikuwa nimejiibia.

Niliketi kwenye kiti pale kibandani nikaangalia zile namba mpaka giza likaingia. Halafu nikafanya kitu ambacho nilitakiwa kukifanya siku ya kwanza kabisa niliyoileta mashine. Nikaifungua menyu, nikasoma mita, nikabonyeza kikombe kidogo kimoja. Mita ikapanda moja. Nikabonyeza kikubwa kimoja. Kinu kikasaga, kikanyamaza, kikasaga tena. Mita ikapanda mbili.

Kumbe mashine yangu haihesabu vikombe. Inahesabu mizunguko ya kusaga na kusukuma maji. Kikombe kikubwa ni mizunguko miwili, kwa hiyo mteja mmoja mwenye kikombe kimoja mkononi ni namba mbili kwenye mita.

Nikapekua daftari. Wiki ile niliuza vikombe vikubwa 49. Hizo ni namba 49 za ziada ambazo si shoti ya mtu yeyote. Zikabaki 40. Nikaanza kukumbuka moja moja:

Kila asubuhi natoa viwili vya majaribio na kuvimwaga, maana cha kwanza huwa maji maji. Siku 7, vikombe 14.

Mimi mwenyewe nakunywa viwili kwa siku. Vikombe 14.

Madereva wanaoniletea watalii siwatozi. Ni utaratibu wa barabarani, dereva akileta gari lenye watu yeye hunywa bure. Vikombe 8.

Vilivyoharibika, pamoja na siku umeme ulipokatika katikati ya kikombe. Vikombe 3.

49 na 14 na 14 na 8 na 3 ni 88. Tofauti ya wiki nzima ilikuwa kikombe kimoja tu, na hicho nadhani nilisahau kukiandika.

Nikarudi kwenye wiki ya binti. Vikombe vikubwa alivyouza: 58. Toa kwenye zile 103, zinabaki 45. Mimi mwenyewe, mwenye mali, zilibaki 40. Tofauti yangu na yake ni vikombe vitano kwa wiki, na wiki yake madereva walikuwa wengi kuliko yangu.

Hapo nikajua nimemfukuza mtu kwa kosa la kutojua mashine yangu.

NILIPOKWENDA KILOSA

Kwa wasioijua huku: Mikumi iko ndani ya wilaya ya Kilosa, lakini mji wa Kilosa wenyewe uko mbali nasi, upande wa reli. Nilipanda gari ya asubuhi, njia ya Ulaya. Hii Ulaya ni yetu, haihitaji pasipoti.

Nilibeba daftari. Nikakaribishwa, nikaletewa chai, nikamwomba binti akae tuangalie hesabu pamoja na mama yake. Nikawaonyesha mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye ile ya kikombe kikubwa, binti akaniambia taratibu, "Anti, siku ile nilikwambia kubwa inasaga mara mbili. Ukasema nisikufundishe mashine yako."

Ni kweli alisema. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Mama yake hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, pesa utapata nyingine. Jina la mtoto likishachafuka mtaani unalifulia wapi?"

Nikamlipa mshahara wake wote wa mwezi. Niliporudi Mikumi nikamfuata yule jirani wa chipsi nikamwambia nilikosea. Wale wateja wawili mmoja nilimpata, mwingine alikuwa dereva wa lori, sijamwona tena mpaka leo. Yeye anaendelea na safari zake akiamini binti yule ni mwizi.

Kurudi kazini kwangu hakutaka, na sikumlazimisha. Tulikubaliana jambo lingine, nitalisema chini. Sasa tuingie kwenye somo lenyewe.

HATUA YA 1: JUA MITA YAKO INAHESABU NINI

Usiamini neno la muuzaji. Ijaribu mwenyewe. Chukua karatasi, soma mita, bonyeza kitufe kimoja mara moja, soma tena. Fanya hivyo kwa kila kitufe: ndogo, kubwa, maziwa, maji ya moto, kuosha. Zima mashine, washa, soma tena. Matokeo yaandike na uyabandike ukutani.

Mashine hazifanani. Za kubonyeza kama yangu nyingi zina mita ya jumla, na pia mita ya kila kinywaji. Mara nyingi ya jumla haifutiki, wakati nyingine unaweza kuirudisha sifuri. Tumia isiyofutika.

Za mkono, zile zenye kishikio ambacho kahawa hushindiliwa humo, nyingine zina kipimo cha maji. Ndani yake kuna kigurudumu kidogo kinachozungushwa na maji yanayopita, na mashine huhesabu mizunguko yake ili ijue ikate maji wapi. Ndiyo maana kila kikombe kinatoka na ujazo uleule. Baadhi ya hizo hutunza hesabu ya vikombe. Zisizo na mita kabisa zipo pia, na hapo utategemea kinu cha kusagia kama kina namba, au mizani, nitaieleza kwenye hatua ya 4.

Siku hizi kuna mashine zinazotuma hesabu kwenye simu ya mwenye duka kupitia intaneti. Nzuri sana. Lakini kama haijaunganishwa na mfumo wa malipo, nayo inakutumia habari za kahawa iliyotoka tu. Nani amelipa haijui.

HATUA YA 2: SOMA ASUBUHI NA JIONI, KAMA SHELI

Hapa Mikumi sheli hazikosekani kwa sababu ya malori. Angalia wanavyobadilishana zamu. Anayetoka na anayeingia wanasoma mita ya pampu pamoja, wanaandika, wanasaini. Hakuna anayemwambia mwenzake "naona mafuta yamepungua." Kuna namba ya kufungua na namba ya kufunga.

Fanya hivyohivyo. Asubuhi kabla ya kikombe cha kwanza, jioni baada ya kikombe cha mwisho. Piga picha kwa simu, saa na tarehe vinabaki humo. Na msome wawili, wewe na msaidizi wako. Mkisoma wote hesabu inakuwa yenu. Ukisoma peke yako usiku, inakuwa mtego.

HATUA YA 3: DAFTARI LENYE SAFU TANO

Daftari langu la zamani lilikuwa na safu moja: zilizouzwa. Kila kilichotoka bila kuuzwa hakikuwa na mahali pa kuandikwa, kwa hiyo jioni kilionekana kama wizi. Sasa nina safu tano:

1. Zilizouzwa (kubwa naziandika kando)
2. Za majaribio na kuosha
3. Za wafanyakazi
4. Za bure (madereva, mgeni, mteja aliyelalamika)
5. Zilizoharibika

Mfano wa Jumanne moja. Mita asubuhi 43,905, jioni 43,961. Zimetoka 56. Zilizouzwa 43, kati ya hizo kubwa 7, kwa hiyo kwenye mita zinahesabika 50. Majaribio 2. Wafanyakazi 2. Bure 1. Imeharibika 1. Jumla 56. Tofauti sifuri. Kufunga hesabu kulichukua dakika tano, tukaenda nyumbani.

Wanaotoa risiti za EFD, ripoti ya Z ya jioni ndiyo safu yenu ya kwanza. Bado zile nne nyingine lazima muandike kwa mkono, maana EFD inajua kilichouzwa tu.

Angalizo: safu ya zilizoharibika isiwe na adhabu. Ukimkata mtu kwa kila kikombe alichomwaga, hataandika. Atakuficha, na hesabu yako itakufa siku hiyohiyo.

HATUA YA 4: TAFUTA SHAHIDI WA PILI

Mita ni shahidi mmoja. Usihukumu kwa shahidi mmoja. Wengine hawa hapa:

Kahawa yenyewe. Mashine yangu nimeipanga itumie gramu 9 kwa mzunguko. Kilo moja inatoa mizunguko kama 111. Ukitumia kipimo cha gramu 18 utapata kama 55. Ile wiki niliyosimama mwenyewe, mizunguko 398 mara gramu 9 ni gramu 3,582. Nilipopima kahawa iliyopungua kwenye ndoo ilikuwa kilo 3.6. Mizani iliniambia mita iko sahihi. Kama kila kubwa ingekuwa mzunguko mmoja, kahawa iliyotumika ingekuwa kilo 3.1 hivi. Mizani ndogo ya jikoni inatosha kwa kazi hii.

Vikombe vya karatasi. Hesabu asubuhi, hesabu jioni. Vikubwa na vidogo kando.

Maziwa. Lita zilizofunguliwa dhidi ya vikombe vya maziwa vilivyouzwa. Hapa pana kumwagika, usitafute kulingana kabisa.

Mashahidi wakitofautiana, ndipo unajifunza kitu:

Mita imepanda lakini kahawa haijapungua kiasi hicho. Huenda kinu kinatoa gramu pungufu, pima. Huenda mita inahesabu maji ya moto pia. Na huenda kuna mtu ameleta kahawa yake akaitumia kwenye mashine yako. Anza na mbili za mwanzo.

Kahawa imepungua lakini mita haijapanda. Huenda kinu kinatoa gramu nyingi. Huenda mfuko ulipasuka. Na huenda kahawa inatoka kwa mlango.

Vikombe vimepungua kuliko mauzo. Wateja wengine hutaka vikombe viwili ili wasiungue, uliza hilo kwanza. Halafu angalia kama kuna chupa ya chai ya mtu inauzwa kwenye vikombe vyako.

Sisemi wizi haupo. Upo. Lakini mtu mwaminifu na mwizi, kwa hesabu ya shahidi mmoja, wanaonekana sawasawa. Mashahidi watatu ndio wanaowatenganisha.

HATUA YA 5: PESA IHESABIWE PEKE YAKE

Taslimu iwe na mstari wake, Lipa Namba iwe na mstari wake. Usijumlishe kichwani. Pesa ya simu ihakikishe kwenye ujumbe uliokujia wewe au kwenye salio. Picha ya skrini au ujumbe ambao mteja anakuonyesha kwenye simu yake usiukubali, maana ujumbe wa kutengeneza upo na unafanana kabisa na wa kweli. Na mteja asilipie kwenye namba binafsi ya msaidizi, hata kama mtandao unasumbua. Ikitokea, iandikwe papo hapo.

HATUA YA 6: SHOTI INA BEI MBILI

Hapa ndipo wengi tunajitisha bure. Mimi nilichukua vikombe 103 nikazidisha kwa 2,000, nikapata 206,000, damu ikapanda. Lakini kikombe ambacho hakikuuzwa hakijakutoa bei ya kuuzia. Kimekutoa gharama.

Piga hesabu. Kahawa kwangu inasimama 30,000 kwa kilo. Gramu 9 ni shilingi 270. Kikombe cha karatasi na kifuniko 200. Jumla 470, kabla ya maziwa. Vikombe 8 vya madereva kwa wiki ni 3,760. Dereva mmoja akinishushia watalii sita, kila mmoja na kikombe chake, hiyo imerudi na zaidi. Kwa hiyo ile ni gharama ya tangazo, iandike kama tangazo.

Bei ya kuuzia itumie pale tu ulipo na uhakika kwamba kikombe kiliuzwa na pesa haikufika. Kwa vingine vyote tumia gharama. Ukishajua gharama, unaweza hata kuamua: vikombe viwili vya majaribio kila asubuhi ni 270 mara 14, yaani 3,780 kwa wiki, maana hivyo situmii vikombe vya karatasi. Nikikisafisha kinu vizuri usiku, kinatosha kimoja. Nimeshapunguza.

HATUA YA 7: WEKA MPAKA, NA MPANGILIO WA KUULIZA

Mimi mpaka wangu ni tofauti ya vikombe viwili kwa siku. Ikiwa ndani ya hapo, naandika na tunalala. Ikizidi, nauliza kwa mpangilio huu: kwanza mashine, pili daftari, tatu mizani. Mtu anakuwa wa mwisho, na anaulizwa pembeni, siyo mbele ya wateja. Na swali la kwanza ni "nisaidie kuelewa," kwa sababu anayesimama na mashine kutwa nzima anajua vitu ambavyo mwenye mashine havijui. Kama nilivyofundishwa Kilosa.

WEWE UNAYEUZA MTANDAONI, HII INAKUHUSU WAPI?

Najua wengi hapa hamna mashine ya kahawa. Mnauza nguo, viatu, vipodozi, vikoi, asali. Lakini kila mmoja wenu ana mita. Mita yako ni idadi ya mizigo iliyotoka ndani. Na kosa ni lilelile: tunachukua "imetoka" tunaisoma kama "imeuzwa," halafu tunasoma "imeuzwa" kama "imelipwa."

Hesabu yako iwe hivi:

Zilizotoka = zilizolipwa + za sampuli na zawadi + zilizorudi + zilizoharibika + zilizo njiani au kwa wakala.

Na ile ya kikombe kikubwa unayo pia. Ukiuza seti ya vipande viwili kama oda moja, stoo inapungua viwili na daftari linasema moja. Mwisho wa mwezi unamtafuta mwizi ambaye hayupo. Amua mapema unahesabu oda au vipande, na uhesabu hivyo kila mahali.

Mfano wangu wa mwezi uliopita. Pakiti za gramu 250 zilizokwenda Kilosa: 40. Zilizolipwa 31. Sampuli 2. Iliyopasuka njiani 1. Zilizobaki kwa wakala 4. Jumla 38. Mbili hazikujulikana zilipo. Zamani ningesema "wakala amenila pakiti tisa," kwa sababu ningeangalia 40 na 31 basi. Sasa najua natafuta mbili. Tulizipata: konda alizishusha kituo kisicho chetu, zikarudi wiki iliyofuata.

Na wakala huyo wa Kilosa ndiye yule binti. Hilo ndilo tulilokubaliana siku ile. Tangu SGR ianze safari za Dar mpaka Dodoma mwaka 2024 na treni kupita Kilosa, wateja wa pale wameongezeka, na nilihitaji mtu wa kupokea mzigo na kuugawa kwa kamisheni. Alikubali kwa sharti moja: kila mzigo unapofika anaufungua huku tunaongea kwa video, tunahesabu wote wawili, kila mmoja anaandika kwake, na tunatumiana picha ya daftari. Mwanzoni niliona kama ananiadhibu. Sasa naona ndiyo namna pekee ya kufanya kazi na mtu ambaye hamko naye meza moja. Daftari lake linamlinda yeye dhidi yangu, na langu linanilinda mimi dhidi ya kumbukumbu yangu.

Bado ananiita Anti. Lakini hesabu hajawahi kuniachia nifanye peke yangu, na ana haki.

KAZI YA LEO

1. Kabla hujalala, andika mita yako ni nini: vikombe, vipande, pakiti, oda au mizigo.

2. Chora zile safu kwenye daftari au kwenye simu. Usisubiri Jumatatu, anza na kesho.

3. Kama kuna mtu umemkata shoti miezi hii, rudia hesabu yake ukiwa na safu zote. Ukikuta ulikosea, mrudishie pesa yake, na uwaambie waliosikia.

Hiyo ya tatu ni ngumu, naijua. Nauli ya kwenda na kurudi Kilosa ilikuwa ndogo kuliko shoti niliyodhani nimeibiwa. Kilichonichelewesha siku mbili kupanda gari ni aibu tu.

Swali lolote uliza hapo chini, na uweke namba zako tuzipige pamoja. Kesho tutaongelea bei ya usafirishaji kwa basi na nani aibebe, wewe au mteja.